Mwanafunzi alipata makofi, mzee akapata michango: ushawishi unafanyaje kazi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa klabu ya midahalo katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne, mzungumzaji wetu bora, aliombwa azungumze kwenye mkutano mkuu wa kijiji kuhusu ujenzi wa bweni la wasichana. Alitaja idadi ya wanaoacha shule, akapanga hoja zake tatu, akamalizia kwa kurudiarudia "Nina ndoto" kama alivyoona kwenye video za Martin Luther King, yule mpigania haki za Wamarekani weusi. Alipigiwa makofi, lakini michango haikutoka. Kisha akasimama mzee mmoja akasema: "Wajukuu zetu wamepanga vyumba kule mjini. Mnajua wanavyorudi. Mimi natoa magunia mawili ya mpunga." Watu wakaanza kujiandikisha. Je, kanuni za usemaji tunazofundisha ni za Wazungu, kwetu hazifanyi kazi? Nifundishe nini?

Jibu:

Mwalimu, sehemu kubwa ya jibu umeshaiandika mwenyewe, imo katika maneno mawili ya yule mzee: "Mnajua wanavyorudi." Hakusema wanarudije. Hakutaja mimba, hakumtaja mtoto wa nani. Kila mzazi aliyekaa pale aliimalizia sentensi hiyo kwa jina la binti anayemfahamu, pengine wa nyumbani kwake. Mwanafunzi wako aliwapa idadi, nao wakaipokea kama taarifa. Mzee aliwaachia nafasi, wakaijaza wenyewe, na mtu akishajaza kwa mkono wake hawezi tena kusema maneno yale si yake.

Kanuni unazofundisha si za Wazungu peke yao, na kwetu zinafanya kazi. Shida ni kwamba zimefika shuleni zikiwa zimepunguzwa. Tunawafundisha vijana kwamba Aristotle, aliyefundisha Athene katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja njia tatu za kumshawishi mtu: sifa ya msemaji, hisia za hadhira na nguvu ya hoja. Wanazikariri, wanazitaja kwenye mtihani, basi. Lakini Aristotle mwenyewe aliweka kiini cha ushawishi mahali pengine. Aliona kwamba hoja ya jukwaani ni hoja iliyokatwa: msemaji anaacha kipande ambacho wasikilizaji tayari wanacho, nao wanakiweka. Mfano wake ni wa mwanariadha Dorieus. Ukitaka watu wajue kwamba Dorieus alishinda shindano ambalo zawadi yake ni taji, inatosha kusema alishinda Olympia. Habari ya taji huna haja ya kuigusa, kwa sababu kila Mgiriki anaijua.

Mfano huo unaonekana mdogo, lakini umebeba swali lako lote. Inatosha kusema "Olympia" mbele ya Wagiriki. Mbele ya watu wasiojua Olympia, sentensi ileile inabaki na tundu, na tundu hilo halijazwi na mtu. Namna ya kushawishi inafanana dunia nzima kuliko tunavyodhani. Kinachotofautiana ni akiba iliyomo vichwani mwa wasikilizaji, na pia nani anaruhusiwa kuigusa akiba hiyo.

Wataalamu wa balagha ya Kiarabu, yaani elimu ya ufasaha wa maneno, ambayo mashekhe wetu wa pwani wameisoma kwa vizazi vingi, walilifikia jambo hili kwa njia yao. Abdul-Qahir al-Jurjani, aliyefariki mwaka 1078, aliandika kuhusu kuacha neno ambalo lingeweza kutajwa, akasema ni mlango mwembamba unaofanana na uchawi, kwani unaona kuacha kutaja kukiwa fasaha kuliko kutaja. Wafuasi wa elimu hiyo wakaweka sharti kwamba ufasaha wa maneno ni kulingana kwake na hali ya anayeambiwa. Huko China, Han Fei, aliyefariki mwaka 233 kabla ya Kristo, alilalamika kwamba ugumu wa kushawishi hautokani na kukosa la kusema, unatokana na kutoujua moyo wa unayemwambia. Mtu anayetaka sifa, ukimweleza faida atakuona mnyonge. Anayetaka faida kwa siri huku hadharani akijionyesha mpenda sifa, ukimweleza sifa atakupokea kwa nje na kukuweka mbali kwa ndani. Watu watatu, lugha tatu, mbali kabisa kwa mahali na wakati, na wote wanamtazama msikilizaji kabla ya kuyatazama maneno.

Sasa tuje kwa King, maana hapa ndipo kijana wako alipopotea, na vijana wengi hupotea hapo hapo.

Tarehe 28 Agosti 1963 King alisimama mjini Washington mbele ya umati wa watu wapatao 250,000. Alisimama kwenye ngazi za jengo la kumbukumbu ya rais wa zamani Abraham Lincoln, miaka 100 baada ya Lincoln kutangaza uhuru wa watumwa. Alianza kwa kuhesabu miaka hiyo kwa makundi ya ishirini, namna ya kizamani ambayo Mmarekani hahesabu nayo siku hizi. Kwa nini? Kwa sababu Lincoln alianza hivyo hotuba yake ya Gettysburg mwaka 1863, na watoto wa Marekani huikariri shuleni. King hakuhitaji kusema "nasimama katika nafasi ya Lincoln". Umati uliliona lile sanamu nyuma yake, ukasikia ule mdundo, ukajaza. Baadaye akasema kila bonde litainuliwa na kila mlima utashushwa, na haki iteremke kama maji. Hayo ni maneno ya Isaya na Amosi, na wale waliokulia katika makanisa ya Wabaptisti weusi wa Kusini walikuwa wameyasikia tangu utotoni yakihubiriwa kama ahadi ya Mungu kwa wanaoonewa. Hakuwaambia kwamba Mungu yuko upande wao. Waliambizana wenyewe kwa sauti, kwa sababu katika makanisa hayo mhubiri husema na waumini humjibu. Hata ile sehemu ya ndoto haikuwa katika hotuba aliyoiandaa kwa siku hiyo. Alikuwa ameitumia mahali pengine kabla, na inasimuliwa kwamba mwimbaji Mahalia Jackson, aliyekuwa karibu naye, alimpigia kelele awaambie watu habari za ile ndoto. Hadhira iliidai, naye akaitoa.

Mwanafunzi wako alichukua sehemu inayosikika akaacha ile iliyokuwa vichwani mwa watu wa Washington. "Nina ndoto" mbele ya wanakijiji wa Morogoro ni maneno mazuri ya mtoto aliyesoma. Ndiyo maana walimpigia makofi, na makofi ni malipo ya kumtazama mtu akifanya jambo vizuri. Hakuna alichowaachia wakamilishe.

Wala usidhani kwamba sisi hatuna hazina ya kuweka mahali pa Isaya na Lincoln. Tunayo, tena tunaitumia kila siku bila kuiita balagha. Nenda kwenye posa yoyote. Mshenga anaingia, anakaa, anasema wameona ua zuri katika bustani ya nyumba hii na wangependa kulitunza. Kila mtu chumbani anajua ua ni nani. Lakini upande wa binti unapojibu "maua yetu ni mengi, mnasema lipi?", umeshaingia kwenye mazungumzo, umekubali kucheza, na kukataa sasa kunahitaji nguvu zaidi kuliko dakika moja iliyopita. Kanga inafanya kazi hiyohiyo. Mwanamke akipita mbele ya jirani na jina la kanga linalochoma, jirani akikasirika amejihukumu mwenyewe, kwa sababu aliyevaa atasema ni nguo tu. Na methali tunazitoa nusu. Mzungumzaji anasema "Haba na haba", anaacha, ukumbi unamalizia. Sekunde ile wanapomalizia, wasikilizaji wameitetea hoja yake kwa midomo yao.

Wanasiasa wetu walio hodari wameijua siri hii. Raila Odinga aliposimama jukwaani Kenya akaita "Kitendawili!", maelfu walijibu "Tega!". Kabla hajasema chochote cha sera, umati ulikuwa umeshamwomba aendelee. Kisha akatega fumbo kuhusu wapinzani wake, akawaacha watu walifumbue. Mtu aliyelifumbua anahisi ameugundua ukweli mwenyewe. Kuna jambo jingine la Kenya ambalo ningependa wanafunzi wako walitazame: marais wa huko mara nyingi husoma hotuba ya sikukuu ya taifa kwa Kiingereza kutoka kwenye karatasi, kisha huiweka karatasi chini na kuongea Kiswahili. Hapo umati huchangamka, kwa kuwa sehemu ya kwanza imesomwa kwa ajili ya kumbukumbu na ya pili inasemwa kwao.

Kwa upande wetu, mfano ninaoupenda kuliko yote ni Novemba 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera, naye ametangaza kwamba eneo la kaskazini mwa mto ni la Uganda. Mwalimu Nyerere akalieleza taifa kwamba tuna uwezo wa kumpiga, tuna sababu ya kumpiga na tuna nia ya kumpiga. Sikiliza jinsi Kiswahili kinavyoruhusu jambo hilo lisemwe: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Kitu kinatangulia, na jibu linakuja mwisho, fupi, likiwa na "sisi" ndani yake. Akishataja "nia", msikilizaji tayari anajua neno linalofuata na anaweza kulisema pamoja naye. Sababu hakuieleza kwa kirefu, kwa kuwa habari za Kagera zilikuwa zimefika kila nyumba. Angeeleza sana, angeonekana kama mtu anayetafuta sababu.

Tena tazama aliyasema mbele ya nani: wazee wa Dar es Salaam. Rais anaweza kukaa studio peke yake na taifa likamsikia vilevile. Akiwaita wazee, taifa linasikiliza likiwa nyuma yao, na kuna ujumbe ambao hautamkwi: jambo hili limefika kwa wakubwa wa nyumba. Wazee hao wana historia, kwani walikuwa pamoja na TANU tangu miaka ya 1950. Ndiyo maana desturi hiyo iliendelea. Rais Kikwete naye aliwaita wazee wa Dar es Salaam mwezi Mei 2010 alipotaka kuzungumzia mgomo uliokuwa unatishiwa na wafanyakazi.

Hapa tunafika kwenye haki ya kusema, ambayo vitabu vya midahalo karibu havigusi kabisa. Katika mdahalo wa shule haki hiyo inatolewa na ratiba: mwenyekiti anakuita, mtunza muda anaanza kuhesabu, wewe na mpinzani wako mko sawa. Nje ya hapo ni nadra wasemaji wawili kuwa sawa. Kwa Waakan wa Ghana, chifu hasemi moja kwa moja na watu. Maneno yake hupitia kwa okyeame, msemaji wake mwenye fimbo iliyochongwa alama, ambaye huyapamba na kuyafikisha. Neno likikosewa, lawama haimgusi chifu. Madagaska wana kabary, sanaa ya hotuba ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2021. Msemaji wake huanza kwa kuomba radhi kwa kuthubutu kufungua kinywa mbele ya wakubwa, akijiondolea lawama kabla hazijaja. Mtu mgeni angedhani anapoteza muda, kumbe ananunua ruhusa. Mwanafunzi wako, kijana mbele ya wazazi na babu zake, alianza na takwimu. Hata sentensi moja ya "wazee wangu, mimi ni mtoto wenu, naomba mnivumilie" ingemweka mahali ambapo maneno yake yangepokelewa. Na yule mzee alipotaja magunia yake mawili alifanya jambo ambalo kijana hakuwa na namna ya kulifanya. Alikuwa wa kwanza kutoa, na baada ya hapo kukaa kimya kulikuwa na gharama kwa kila mwenye shamba.

Ningependa jibu langu liishie kwenye sifa za mafumbo, lakini nitakuwa nimekudanganya. Nafasi anayoachiwa msikilizaji inaweza kujazwa damu.

Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, kaskazini magharibi mwa Rwanda, mwanasiasa wa chama tawala Léon Mugesera aliuhutubia mkutano wa wafuasi wa chama chake. Alisimulia jinsi alivyomwambia mpinzani mmoja kwamba kwao ni Ethiopia, na kwamba watawapeleka huko kupitia mto Nyabarongo ili wafike haraka. Msomaji wa mbali anaweza kuona ni mzaha wa jukwaani. Waliokuwa Kabaya walikuwa na vitu viwili katika akiba yao: propaganda ya miaka mingi kwamba Watutsi ni wageni waliotoka Ethiopia, na kumbukumbu ya maiti zilizotupwa mitoni katika mauaji ya miaka iliyotangulia. Nyabarongo haupitishi abiria wa kwenda Ethiopia. Kila mtu aliijaza sentensi. Mwaka 1994 mto huo ulibeba maiti, na kwa njia ya mto Akagera zikafika hadi Ziwa Victoria.

Mugesera alikimbilia Canada mwaka 1993, na suala la kumrudisha likachukua miaka mingi. Mabishano makubwa yalikuwa juu ya maana ya maneno yake. Mahakama moja ya rufaa ilimpa ushindi. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Canada ikaigeuza hukumu hiyo, ikishikilia kwamba hotuba lazima ipimwe kwa muktadha wake na kwa jinsi wasikilizaji wale walivyoielewa. Alirudishwa Rwanda mwaka 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha. Majaji wa Ottawa walilazimika kufanya kazi ambayo mwanafunzi wa fasihi anaifanya darasani: kuitafuta sentensi isiyosemwa. Kenya nao wanaijua hatari hii. Neno "madoadoa", likisemwa kwenye mikutano ya Bonde la Ufa, linawakumbusha watu majirani wa makabila mengine waliofukuzwa, ndiyo maana Tume ya Uwiano na Utangamano ililiweka katika orodha yake ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi wa 2022.

Sasa, darasani. Kuna mawazo yaliyoenea kwamba Mwafrika huzunguka na Mzungu hunyoosha. Sehemu yake inatokana na makala ya Mmarekani Robert Kaplan ya mwaka 1966. Alichora mwendo wa mawazo ya jamii mbalimbali kwa mistari: Kiingereza mstari ulionyooka, watu wa Mashariki mzunguko, wengine zigizaga. Alitumia insha ambazo wanafunzi wa kigeni waliziandika kwa Kiingereza, lugha waliyokuwa bado wanajifunza, akatoa humo picha ya fikra za mataifa. Alikosolewa sana, na kwa haki. Usiwafundishe vijana kwamba insha ya mtihani ndiyo fikra ya Kizungu na fumbo ndiyo fikra ya Kiafrika. Insha imenyooka kwa sababu msomaji wake ni mgeni asiyekujua, anayesahihisha mamia, na hana ruhusa ya kukujazia. Msahihishaji wa Uingereza na wa Tanzania wote wanadai kila kitu kiandikwe. Mzee wako naye, akiandika maombi ya fedha kwa halmashauri, itambidi anyooke. Na Mzungu akitaka kumwambia bosi wake amekosea, atazunguka sana tu.

Kwa hiyo usiifute midahalo. Inafundisha kupanga hoja, kusikiliza upande wa pili na kutetea jambo usiloliamini ili uone nguvu yake. Lakini mada za "Elimu ni bora kuliko pesa" zinaongelewa mbele ya hadhira isiyo na cha kupoteza. Wape hadhira yenye mahitaji. Mwambie mwanafunzi aiandae hoja moja ya bweni mara tatu: kwa mkutano wa kijiji, kwa barua ya ofisa elimu wa wilaya, na kwa wasichana wenyewe. Kabla ya kuandika, aulize wasikilizaji hawa wana nini tayari vichwani, na ni nani wanayemkubali aseme. Huenda akagundua kwamba kwenye mkutano wa kijiji msemaji sahihi ni mama mwenye binti aliyerudi, na kazi yake yeye ni kumsaidia mama huyo ajiandae. Huo nao ni usemaji, tena wa hali ya juu.

Zoezi ninalolisisitiza kuliko mengine ni hili. Chukueni hotuba ya kampeni, tangazo la redio, jina la kanga au kipande cha TikTok, kisha kila mwanafunzi aiandike kwa ukamilifu sentensi ambayo msemaji hakuisema. Iandikwe ubaoni. Halafu waulize: msemaji akisomewa sentensi hii mbele ya watu inaowahusu, ataikiri? Yule mzee akisomewa "mabinti zetu wanapata mimba kwa kukaa vyumba vya kupanga bila ulinzi wetu", nadhani ataikiri bila kusita. Msemaji wa Kabaya asingeweza.

Na hata sentensi ya mzee, msiiache upesi. Iandikeni tena na mtaona ina shimo jingine. "Wanavyorudi" inawataja mabinti tu. Waliowapa mimba hawamo, na mkutano mzima ulikubali wasiwemo, kwa sababu kuwataja kungeuvunja umoja uliohitajika ili mpunga utoke. Pengine kwa siku ile alifanya sawa. Lakini mwanafunzi wako angeweza kulitamka lililoachwa, maana yeye anakaa darasa moja na wasichana hao. Mwombe aiandike hotuba yake upya akianzia hapo, na safari hii awasomee kwanza wasichana wenyewe kabla ya kuipeleka kwa wazee.